Gari la Baada ya Alasiri

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mchanga, na miaka yote aliyoendesha lori alitamani kitu kimoja tu, kukaa chini. "Nashinda juu kama kuku aliyelala darini," alikuwa akisema. "Jioni na mimi acha nikae karibu na ardhi." Kwa hiyo alipopata gari la spoti la milango miwili, jekundu, limegongwa ubavuni na kulala nje muda mrefu, alilivuta kwa kamba hadi nyumbani. Akalitengeneza mdogo mdogo, leo taa, mwezi ujao breki, mpaka likatembea. Watu wakasema sasa mtaa umekwisha, tutalala na kelele za mbio. Wapi. Alilitembeza kama mtu aliyeweka trei la mayai kiti cha pembeni. Majirani walimtania kwamba hata baiskeli za wauza mikate zinampita. Yeye alisema mbio zipo, ziko ndani, hazina haraka ya kutoka.

Gari lile lilikuwa na sauti yake. Sijui kama nitaieleza vizuri. Likikata kona ya mwisho lilikuwa linashusha pumzi, halafu linakuja linanguruma chini chini kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na likifika getini linakohoa mara moja. Hapo mume wangu alikuwa halizimi papo hapo. Alilisikiliza kwanza, kichwa ameinamisha, ndipo alizime. Mara nyingi lilinikuta nimemaliza sala ya alasiri, nakunja mswala.

Aliyekuwa analisikia kabla yetu sote ni mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunaishi naye. Macho yake yaliingia ukungu zamani, lakini masikio hayakuzeeka. Alikuwa ananyanyua kidole na kusema, "Huyo amekuja. Mpakulieni." Na yeye mwenyewe chakula cha jioni alikuwa hakigusi mpaka mwanawe afike. Nilipoolewa nilimkuta na mazoea hayo, nikadhani ni maringo ya mama mkwe. Baadaye nikajua kwamba huyo ndiye mtoto pekee aliyebakiwa naye, na kumsubiri ndiyo kazi aliyojipa.

Mume wangu alifariki akiwa kwenye foleni ya kupakia mchanga. Moyo ulisimama. Malori ya nyuma yakampigia honi, madereva wakidhani amesinzia. Mungu amrehemu.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshaanza kusahau. Alikuwapo siku ya msiba, alimwona, alimlilia mwanawe hadi sauti ikakauka. Kisha siku zikapita, na msiba ule ukamtoka kichwani kama alivyotokwa na jina la mtaa wetu na idadi ya wajukuu zake. Jioni akawa anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, sahani mbele yake, anasubiri. "Kula, Mama," nikimwambia. "Nile mimi, mwenzangu yuko njiani na njaa?" Nilimweleza mara ya kwanza kwamba mwanawe hayupo tena, akalia upya kama habari ndiyo imefika. Asubuhi yake hakukumbuka, jioni akasubiri tena. Nikamwambia Mungu, mimi siwezi kumfisha mtoto wa mtu kila siku. Nikanyamaza. Na mama akawa anapungua, nguo zinamning'inia kama zimetundikwa msumarini.

Ni mwanangu aliyetuokoa, tena bila kujua. Yeye ni fundi wa viyoyozi, anafunga na kusafisha zile mashine za baridi maofisini. Gari la baba yake liliachwa kwake. Jioni moja alilitoa likazunguke kidogo betri isife, na aliporudi, kwenye kona ile ya mwisho, mama akanyanyua kidole.

"Huyo amekuja. Mpakulieni. Na mimi nileteeni changu."

Akala. Akala mpaka akaomba aongezewe supu.

Basi ikawa hivyo kila siku. Mwanangu akitoka kazini anawasha gari, anazunguka mtaa, anarudi, anasimama uani bila kuzima. Mama akisikia muungurumo unaendelea pale nje anajua mwanawe yuko, analisikiliza gari lake kama desturi yake, na anaanza kula. Akishatia vijiko vichache huwa ameshasahau alikuwa anamsubiri nani. Mimi nikiona amekolea, nalisogeza pazia la dirisha. Mwanangu akiona pazia limesogea, anazima. Hatukuwahi kukaa chini tukapanga. Ilitokea tu, kama mtu anavyojikuta anaujua mlango wa nyumba yake gizani.

Nisiseme kwamba moyo wangu ulikuwa umetulia. Mimi sikutamka hata siku moja kwamba mume wangu amekuja. Mama akiuliza, "Mbona haingii?" nilijibu, "Kula kwanza, Mama." Ulimi wangu ulikuwa safi, lakini mikono ilikuwa inapakua. Nikawa naomba kwenye sijda, Mola wangu, uondoe uongo huu ndani ya nyumba yangu. Niliomba uondoke. Sikuomba uondokeje.

Sasa mwanangu. Ni kijana mzuri, hajanivunjia heshima, lakini ana yake. Alikuwa na rafiki yake muosha magari ambaye kila mtu alimwita Mbwembwe, kwa sababu hata ndoo ya maji alikuwa haibebi bila kuizungusha. Mbwembwe huyo hakulipenda gari lile linavyonguruma.

"Gari la spoti linakoroma kama mzee aliyeshiba," alisema. "Linapumua kwa pua moja. Mwenzangu, watu huko nje wanasema hilo bado ni gari la marehemu, wewe unamkanyagia tu."

Neno hilo lilimchoma mwanangu. Nililiona linavyoingia. Alifunga boneti, na jioni alipomaliza kula akaniambia, "Mama, kila siku nikiliwasha nakuwa baba. Saa ile ile, kona ile ile, polepole vile vile. Sikatai. Lakini na mimi nataka siku moja niwashe gari langu."

Hakusema vibaya.

Haikupita muda akaja na boksi refu la karatasi ngumu. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mimi nilikaa kizingitini mwa mlango wa jikoni na ungo wa mchele mapajani, nachambua na kuangalia. Mbwembwe akaingia getini na filimbi mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Boksi refu hivyo, mmeleta bunduki?"

"Mapafu, mama. Tunambadilishia mzee mapafu."

Wakafungua. Ndani mlikuwa na bomba la alumini linalong'aa hadi nikajiona, mipira ya kuungia ya rangi ya buluu, klipu za kukazia, na chujio la hewa jekundu lenye umbo la kofia ndefu. Na karatasi ya maelekezo yenye picha. Mwanangu akanieleza, maana alijua nitauliza.

"Hewa ni hewa, mama. Nikifunga kiyoyozi ofisini, bomba likiwa na kona nyingi, chumba hakipoi. Na hapa ni hivyo hivyo. Injini inavuta hewa kupitia boksi lililojaa kona. Nikiipa bomba lililonyooka na chujio lililo wazi, itapumua."

"Na sauti?"

"Sauti itakuwa nzuri zaidi."

"Nzuri kwa nani?"

"Kwa mwenye gari," akadakia Mbwembwe, wakacheka wote wawili.

"Na bibi yako?" nikamuuliza mwanangu.

Alinitazama kidogo, na nikaona alikwishalifikiria hilo. "Bibi anasubiri gari, mama. Gari litakuja kama kawaida, wakati ule ule. Sitachelewa hata kidogo. Nakuahidi."

Aliamini kabisa kwamba bibi yake anasubiri saa.

Wakaanza kazi. Mwanangu kazini kwake amezoea usafi, kwa hiyo alitandika shuka kuukuu kwenye madigadi, yale mabati yanayofunika matairi, gari lisikwaruzike, akatoa waya wa betri na kuufunga kitambaa, akachomoa soketi ya sensa inayopima hewa, taratibu kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Akalegeza klipu kwa bisibisi, akafungua nati za boksi jeusi la chujio, akalinyanyua. Ndani yake lilikuwamo chujio la zamani. Lilikuwa la kahawia, vumbi limeshikana kwenye mikunjo. Mbwembwe akataka kulikung'uta ukutani.

"Lete hapa," nikamwambia.

"Ni takataka, mama."

"Lete hivyo hivyo."

Nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaliweka kando yangu. Lile vumbi mume wangu alilipitia akija nyumbani. Sikusema, waliniona mtu wa ajabu tu, na wakaendelea.

Kazi iliwanyookea mpaka walipofika kwenye kibuyu. Nakiita kibuyu kwa sababu ndivyo lilivyo umbo lake, plastiki nyeusi yenye tumbo na shingo, kimejificha ndani ya madigadi, mbele ya tairi. Mbwembwe akasema hicho ndicho kinachomeza sauti ya injini isitoke nje, na tena hapo hapo ndipo chujio jipya linatakiwa likae. Karatasi ilionyesha kwa picha kwamba lazima utoe tairi la mbele, utoe na ile plastiki iliyo ndani yake, ndipo kibuyu kishuke chenyewe.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshapita ndoo ya maji, kinaelekea ngazi. Mimi kivuli hicho ndiyo saa yangu. Mwanangu naye akakitazama.

"Tukianza kutoa tairi hatumuwahi bibi," akasema.

"Basi kitoe kwa juu," akasema Mbwembwe.

Wakavuta. Kibuyu kikagoma. Wakasukuma kwa bisibisi, kikalia kwa ndani na kubaki pale pale. Mwanangu akaenda kwenye sanduku lake la kazi, akarudi na msumeno wa chuma.

"Taratibu, mwanangu," nikamwambia. "Hicho ukishakikata hakirudi."

"Hatukihitaji tena, mama."

Akakata shingo, akakata na tumbo. Ule msumeno ulikuwa na sauti kavu, ya kukwaruza, na vumbi jeusi likamwagika kwenye viatu vyake. Vipande vikatoka kimoja kimoja, Mbwembwe akavitupa kwenye pipa, na gari la taka likapita mtaani siku iliyofuata likavichukua. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Yule mtoto hakukata kwa jeuri. Alikata kwa sababu alikuwa anamuwahi bibi yake asikae na njaa.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Bomba likaingia, mipira ikakaa, klipu zikakazwa, sensa ikarudi mahali pake. Nikawaacha nikaswali. Nilipotoa salamu, gari likawaka.

Nyumba ilitetemeka hadi vikombe. Lilinguruma kama mtu anayegombana na watu watatu, na mwanangu alipolikanyaga likavuta pumzi kwa mluzi mkubwa, kisha likafoka. Mbwembwe alikuwa anacheza peke yake uani. Na mwanangu, nisimnyime haki yake, alikuwa anacheka kwa uso ambao sikuuona tangu baba yake aondoke. Akalitoa, akazunguka mtaa, wakati ule ule alioahidi. Akakata kona.

Nikamtazama mama. Kidole hakikunyanyuka.

"Nani huyo?" akaniuliza.

"Ni gari, Mama."

"Gari najua, sijawa kiziwi. La nani?" Likaingia uani, likasimama, linaunguruma. Mama akakunja uso. "Mwambieni huyo mgeni asizibe njia. Mwanangu anakaribia, atapita wapi?"

Nikamsogezea sahani. Akairudisha kwa mgongo wa mkono, bila hasira.

"Nile mimi, mwenzangu yuko njiani na njaa?"

Nje gari lilikuwa linanguruma. Mwanangu alikuwa analitazama pazia. Nililiacha vilevile. Alisubiri, akasubiri, mpaka akazima mwenyewe na kuingia ndani, mikono ina grisi. Mama huwa ana siku za kumjua na siku za kutomjua. Akimjua humwita "mume wangu," utani wa bibi na mjukuu, na humuuliza mahari yake ataileta lini. Siku ile alimjua.

"Mume wangu, huko nje kuna mtu kaleta gari la fujo. Mfukuze."

"Ni mimi, bibi. Ni gari letu."

"Letu?" Mama akacheka. "Letu ninalijua mimi. Hilo la kwako limemeza mbwa."

Mbwembwe alicheka huko mlangoni. Mwanangu hakucheka.

Kesho yake akaliendesha polepole, kwa kidole cha mguu. Halikudanganya mtu. Keshokutwa akalizima mbali na kulisukuma hadi getini, mimi na Mbwembwe tunamsaidia, akidhani mama akisikia geti tu atajua amekuja. Mama hakusikia gari, akaendelea kusubiri. Nilimlisha kwa kumbembeleza, kijiko hiki cha kwangu, kijiko hiki cha Mungu, akafumba mdomo kama mtoto. Mashavu yakaanza kuingia. Usiku nilikuwa nikimgeuza kitandani nahisi mifupa yake mkononi.

"Rudisha boksi la zamani," nikamwambia mwanangu.

"Nitalirudisha. Lakini kibuyu hakipo, mama."

"Rudisha kilichopo."

Akatoa bomba lake linalong'aa, hakunung'unika. Akarudisha boksi jeusi. Nikamletea lile chujio la kahawia kutoka chini ya kitanda changu, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka. Pale shingo ya kibuyu ilipokuwa imeungwa palibaki tundu, akaliziba kwa kifuniko cha mkebe na gundi. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho. Jioni akazunguka mtaa. Mimi nikapakua, nikakaa mbele ya mama, nikashika ncha ya pazia.

Gari likakata kona. Likashusha pumzi. Mama akainua kichwa, kidole kikaanza kupanda, na mimi nikasema kimoyomoyo, alhamdulillahi.

Kidole kikasimama katikati.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Gari likaingia uani. Lilikuwa ndilo, hata mimi niliona ndilo, ila kulikuwa na kitu chembamba ndani yake, kama mtu anayeimba kwa jino lililong'oka.

"Gari ni lake," akasema mama. "Lakini aliye ndani siye."

"Kula, Mama, supu inapoa."

"Mwanangu hawezi kumpa mtu gari lake. Alilishona kama nguo. Angekuwepo angekuja nalo mwenyewe." Akaweka kijiko chini, akakisawazisha kando ya sahani. Kisha akanigeukia, na yale macho yenye ukungu yakanitafuta mpaka yakanipata. "Mkwe wangu, wewe ni mtu wa sala. Mwanangu yuko hai?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Siku zote aliuliza yuko wapi, mbona amechelewa, mbona haingii. Maswali hayo nilikuwa nayapitia pembeni. Hili halikuwa na pembeni.

"Hapana, Mama," nikasema. "Alitangulia."

Nje gari linanguruma.

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulimshika uso."

"Nililia?"

"Ulilia sana, Mama."

"Basi vizuri." Akapapasa kitambaa cha meza kama anatafuta kitu kilichodondoka. "Na huyu anayekuja kila siku ni nani?"

"Ni mjukuu wako."

"Mume wangu?"

"Ndiye."

"Kila siku anakuja, na mimi nakula."

"Ndiyo, Mama."

Hakulia. Ningetamani alie. Alichukua kijiko, akala supu ile yote, imeshapoa, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayemaliza dozi. Nilisogeza pazia, na gari likazima.

Nilidhani asubuhi atakuwa amesahau. Amesahau mengi yule mama, amesahau jina langu, kuna siku anauliza kama mvua imeshanyesha na huku ananyeshewa. Hili halikumtoka. Asubuhi alimwambia mwanangu amgeuzie kiti, kimpe mgongo dirisha, kitazame ndani. Tangu hapo anakula akipewa. Hakatai, haombi. Tena amenenepa kidogo. Jirani akija ananisifu, mama yako amerudi, na mimi nasema tunamshukuru Mungu, na ni kweli namshukuru. Lakini jioni ilikuwa saa yake. Alikuwa anachana nywele, anaulizia shuka la kiti kama limenyooshwa, anatega sikio. Sasa jioni ikifika imefika tu.

Na mimi niliyeomba uongo uondoke nimepewa nilichoomba. Sina wa kumlalamikia.

Mwanangu ndiye aliyeumia zaidi, ingawa hasemi. Bomba lile alilirudisha kwenye boksi lake akalisukuma chini ya kitanda. Mbwembwe alikuja akataka kulijaribu kwenye gari la mtu mwingine, mwanangu akamwambia chukua, halafu alipolishika akamwambia acha. Kila akipata nafasi kazini alikuwa anaenda huko wanakouza magari yaliyokufa, anainama kwenye madigadi ya watu kutafuta kibuyu. Nilimwambia apumzike, bibi yake anakula sasa. Akanijibu, "Najua anakula, mama." Akaenda tena.

Alikipata kwenye gari lililoungua nyuma likabaki zima mbele. Safari hii hakuwa na haraka. Alitoa tairi, akatoa plastiki ya ndani, akakipandisha kibuyu mahali pake kwa chini kama picha ilivyoonyesha, akakaza kila klipu na kuipapasa. Mimi nilikiona kivuli cha ukuta kikipita ndoo, kikipita ngazi, na yeye hakukitazama hata mara moja. Nikaenda kuswali.

Nilikuwa nakunja mswala lilipokata kona ya mwisho. Likashusha pumzi. Likaja linanguruma chini chini, mdomo umefumbwa, mpaka getini, likakohoa mara moja.

Nilijikuta jikoni. Nilikuwa nimeshachukua bakuli lenye kifuniko, lile la mume wangu, ambalo halijashuka kwenye kabati tangu afe, na nimeshalijaza. Nikasimama nalo mkononi. Mvuke ulikuwa unanipiga usoni. Sikujua kwamba na mimi nilikuwa nasubiri. Nilidhani nilikuwa namhudumia mama tu.

Nikaenda nalo chumbani, maana nilishalipakua. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwa dirisha, anakula. Kidole kilikuwa chini, juu ya goti.

"Mume wangu leo amepatia," akasema. "Ndivyo lilivyokuwa."

"Ndiyo, Mama."

"Amehangaika, maskini. Mwambie nimelisikia."

Nje gari liliendelea kunguruma. Mwanangu alikuwa amekaa humo ndani, kichwa ameinamisha, anasubiri pazia. Nilisahau kabisa kazi yangu, nilikuwa nimesimama tu na bakuli. Mama akameza, akapangusa mdomo.

"Huwa unalisogeza pazia," akasema. "Lisogeze, mtoto aingie ale. Zamani nilikuwa nadhani unamchungulia mumeo."

Niliweka bakuli mezani, nikaenda dirishani, nikashika pazia. Kabla sijalisogeza nilisimama kidogo nyuma yake, nikalisikiliza lile gari. Kisha nikalisogeza, na mwanangu akazima.